Baiskeli Mbili, Bahari Katikati

Kila Jumamosi asubuhi Ghalia alitoka kwenda kuendesha baiskeli na mwanamume ambaye hakuwapo.

Majirani wa Thamesmead, mtaa wa London, walikwisha kumzoea. Walimwona akikata kona ya bwawa polepole, mtandio umebanwa chini ya helmeti, anacheka peke yake, anajibu peke yake. Na kusema kweli, ukimkuta mama mtu mzima yuko juu ya baiskeli anauambia upepo "Toka hapa, muongo mkubwa we!", utamfikiria nini? Hawakukiona kijidude alichokitia sikioni. Wala hawakujua kwamba ng'ambo ya bahari, Uholanzi, wakati ule ule, yuko mtu mwingine juu ya baiskeli nyingine, naye ana kijidude sikioni, naye anaonekana mwendawazimu mbele ya ng'ombe.

Mtu huyo ni Msabaha wa Malindi, na Ghalia alimpenda. Nalisema mapema ili tusizungushane. Alimpenda kwa tahadhari ya mtu aliyekwisha kupenda vibaya, anayetazama chini kwanza kabla hajakanyaga.

Walikutana mwaka uliopita, mwezi wa maua ya tulipu. Ghalia alijifunza baiskeli ukubwani, umri umeshavuka arobaini, mwalimu wake akiwa rafiki yake Gakii, nesi wa Kimeru ambaye ukimwambia "siwezi" anajifanya hajui Kiswahili. Baadaye Gakii akawakusanya wanawake wenzake, wakapanda meli na baiskeli zao, wakaenda kutembea katika polda. Polda ni ardhi iliyokuwa chini ya maji. Waholanzi waliizungushia tuta, wakayasukuma maji nje, wakapanda vitunguu pale walipokuwa wakiishi samaki. Nchi imelala bapa mpaka macho yanachoka. Barabara inakwenda moja kwa moja kando ya mfereji, na mtu ukimwona kwa mbali anakuja una muda wa kutosha wa kujiuliza ni nani, wa kujitengeneza mtandio, na wa kujuta kwa nini umejitengeneza.

Ndivyo alivyokuja Msabaha. Alikuwa rafiki wa mumewe Gakii, mtu aliyefiwa na mke zamani, dereva wa forklift katika ghala la vitunguu, na siku zile alichukua likizo ili awaongoze wageni. Siku moja upepo ukavuma kutoka ubavuni, upepo wa kule ambao hauna mti wala ukuta wa kuuzuia, na Ghalia akawa anayumba na kuachwa nyuma. Msabaha akapunguza mwendo. Akaja akajiweka upande ule unakotokea upepo, akauziba kwa mwili wake. Njia ikipinda, naye anahamia upande wa pili, mpaka jioni. Ghalia alikuwa na mume hapo zamani, ndoa iliyokwisha kabla hata mapazia yake hayajachakaa, na katika ndoa ile hakuna siku aliyoulizwa kama anasikia baridi. Usiku ule alilala chali akitazama dari la hoteli, amekasirika. Alijua kilichompata, na hakukitaka.

Alirudi London, na huko ndiko zikaanza Jumamosi. Ghalia hakuwa na wakati mwingine wa kwake. Siku za kazi aliingia nyumba za watu kuwaogesha na kuwavisha wazee, kisha akarudi fletini kumwogesha na kumvisha mama yake mwenyewe, Bi Zuwena, ambaye mkono wake wa kulia hautulii kwa ugonjwa wa kutetemeka. Jumamosi asubuhi tu, kaka yake Zulfikar alikuja kutoka Hounslow, upande wa pili wa mji, kukaa na mama. Basi Ghalia hutoa baiskeli, Msabaha hutoa yake, wakapigiana simu, wakaendesha pamoja. Yeye njia ya kando ya Mto Thames, mwenzake kando ya mifereji ya polda. Huyu anasema naona farasi, yule anasema naona korongo. Kwa mtu aliyejikatia tamaa, huo ulikuwa utajiri.

Na sasa posa ilikuwa imekwisha kwenda.

Msabaha hakuwa na jamaa Ulaya nzima isipokuwa Shangazi Time, aliyekuja Hounslow kumtazama binti yake aliyejifungua. Shangazi Time akajifunga buibui lake, akamchukua mkwewe, wakavuka mji mzima mpaka Thamesmead na sahani ya halua. Zulfikar akawapokea vizuri, kahawa ikanyweka, akawaambia kwamba wao watamuuliza mwenyewe kisha watajibu. Wageni walipoondoka akamwita dada yake sebuleni, mbele ya mama.

"Umeposwa," alimwambia. "Mtu wa Malindi. Wasemaje?"

Ghalia aliinamisha uso. Akavuta mtandio ukamfunika shavu. Akatazama zulia kwa muda unaostahili, kisha akaondoka kwa heshima kwenda jikoni, akafungua bomba la maji ili wasimsikie anavyocheka.

Wiki nzima alitembea miguu haigusi chini. Aliwavisha wazee wake huku anaimba. Meseji za Msabaha zilikuwa fupi, lakini Ghalia alijiambia kwamba mwanamume akishapokelewa posa yake huona haya, mwache.

Jumamosi hii ndiyo ninayoisimulia.

"Asalaam aleikum, Bi Ghalia."

"Waaleikum salaam. Umechelewa leo. Vitunguu vimekuzuia?"

"Nimechelewa kutoka tu."

"Uko wapi?"

"Navuka daraja la kwanza."

"Na upepo?"

"Upo."

"Upo tu? Wiki iliyopita ulinambia umekuvua kofia ukenda nayo kwa jirani."

"Upo, Bi Ghalia."

Ghalia alitabasamu, akakanyaga. Asubuhi ilikuwa ya kijivu, mto umejaa, na ule uwanda wa majani nyuma ya nyumba za Thamesmead umetulia hauna mtu. Nao ulikuwa kinamasi zamani, ukakaushwa. Ndiyo maana alipenda kumwambia Msabaha kwamba hata yeye anakaa poldani, ila ya Waingereza, imejengwa vibaya.

"Mie hapa nshafika penye harufu," alisema. "Kile kiwanda cha maji machafu. Wallahi leo kimeamka nayo. Bora vitunguu vyako."

"Eeh," alijibu Msabaha. "Bora vitunguu."

Magurudumu yakazunguka. Ghalia alisikia upepo wa kule ukimvumia sikio moja, na wa huku ukimvumia la pili.

"Msabaha, una nini?"

"Sina kitu. Nilitaka leo twende polepole kabisa. Tusikimbilie kumaliza."

"Kwani lini tulikimbia?"

"Maana hii ndiyo ya mwisho."

Mguu wa Ghalia uliteleza kwenye pedeli, chuma kikamkwaruza muundi.

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya mwisho, Ghalia. Haifai tena. Mtu akishakataliwa, ataendelea kuongea na mtoto wa watu kwa sababu gani? Mimi si mvulana."

"Nani kakukataa?"

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Nakuuliza, nani kakukataa?"

"Shangazi amenipigia. Alimpigia kakako kutaka jawabu, akajibiwa, 'Tumemuuliza mbele ya Mama, hakusema kitu.' Maneno yayo hayo. Hakusema kitu. Shangazi akashukuru, akaanza kufunga mizigo yake."

Ghalia alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka ndege wakaruka majanini.

"Sasa si ndo hivo! Mtu kaulizwa kanyamaza, maana yake nini? Keshakubali! Nyie huko Malindi hamposani?"

"Twaposana. Na mwari akinyamaza, hiyo ni ridhaa yake. Mwari, Ghalia." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimtisha Ghalia kuliko ukali. "Weye ulishaolewa ukaachika. Mwanamke aliyewahi kuolewa hachukuliwi kimya chake. Yuwatakiwa atamke kwa ulimi wake. Wajua hilo. Hata watoto wa madrasa wanalijua."

Ghalia akakaza breki. Akasimama katikati ya njia, mguu mmoja chini.

Alilijua, jamani, tena alilijua vizuri. Amelisikia katika darsa za kina mama mara nyingi, akiitikia kwa kichwa kama mwenzao. Lakini kaka alipomuuliza, alifanya walilofanya binamu zake wote, na alilofanya yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, siku aliyoposwa mara ya kwanza. Siku ile alitazama mkeka, akavuta mtandio, nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mwili ukakumbuka ulivyosifiwa, ukarudia. Mama wa watu, mtalaka, mwenye funguo za nyumba za wazee wa nusu ya Thamesmead, akaona haya ya msichana.

"Ghalia? Wanisikia?"

"Nakusikia."

"Umesimama?"

"Nimesimama. Na wewe?"

"Nami nimesimama." Akavuta pumzi. "Hapa nilipo naona kanisa la kijiji, na nyuma yake naona la kijiji kingine, na nyuma ya hilo naona jingine. Naona trekta, siusikii hata mlio wake. Naona kila kitu. Weye tu sikuoni."

Ghalia alifunga macho.

"Basi mie nakwambia sasa," alisema haraka. "Nakwambia wewe, kwa mdomo wangu. Nime..."

"Usinambie mimi."

"Kwa nini?"

"Mimi nilishajua siku ile ya upepo. Ningekuwa sijui ningemsumbua Shangazi? Si mimi wa kuambiwa. Mwambie kakako. Mwambie mamako, umuangalie usoni."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Nitawaambia, Msabaha. Nitafute pahala pazuri pa kuanzia. Mama juzi hakulala vyema..."

"Ngoja nikuulize jambo, unijibu kwa ukweli." Upepo ulipiga kwenye simu yake, akangoja upite. "Siku ile ulinyamaza kwa kuona haya, ama ulinyamaza kwa sababu ukitamka utakuwa umemuacha mamako kwa mdomo wako mwenyewe?"

Alitaka kujibu. Alifungua kinywa kabisa. Mbele yake farasi mmoja aliyefungwa kamba alikuwa akila majani, amezunguka mpaka kamba imekwisha, na Ghalia akamtazama farasi yule badala ya kujibu.

"Umenyamaza tena," alisema Msabaha.

"Sivyo, ni..."

"Sikulaumu. Wallahi sikulaumu. Mama ni mama, na mimi wangu alizikwa sikuwapo. Lakini Shangazi yuwasafiri leo jioni. Yeye ndiye aliyeleta posa, yeye ndiye wa kupokea jawabu. Akishapanda ndege sina mtu mwingine wa kutuma, na sitatafuta. Si kiburi, Ghalia. Nimechoka kuendesha baiskeli na sauti. Nikirudi nyumbani naivua sauti sikioni, naiweka mezani, nakaa nala peke yangu. Hali hiyo naiweza nikiwa sina tamaa. Nikiwa na tamaa siiwezi."

"Usikate simu."

"Sikati kwa hasira."

"Msabaha, usikate."

"Jitunze, mpenzi wangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Kisha sikio la Ghalia likawa tupu.

Akabaki amesimama. Akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Akatoa kile kijidude sikioni, akakishika kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kupita njia ile akaisikia yenyewe ilivyo. Maji yalipiga ukuta wa mto. Mashine za kile kiwanda zilinguruma. Hakuna mtu aliyesema chochote. Aliona jinsi Jumamosi zake zilivyokuwa hasa, mwanamke mmoja na baiskeli moja uwandani, na akalia pale pale bila kujificha, kwa vile hapakuwa na wa kujificha asimwone.

Alilia kwa kujionea huruma, na kwa aibu, na kwa hasira juu ya Zulfikar. Hasira ndiyo iliyomgeuza. Aligeuza baiskeli, akakanyaga kwa nguvu, na safari hii hakwenda polepole. Upepo ulimpiga ubavuni akayumba, akauacha umpige. Njia nzima alijaribu lile neno. "Nimeridhia." Likatoka jembamba. "Namtaka." Mwanamke aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akampisha haraka.

Zulfikar alikuwa sebuleni, bado kavaa fulana ya kazi ya uwanja wa ndege, amemaliza zamu ya usiku akaja moja kwa moja. Bi Zuwena alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shali mabegani, mkono wa kulia ameukalia nusu ili utulie. Mbele yake palikuwa na kifungua kinywa ambacho mwanawe wa kiume alikuwa ameandaa kwa mapenzi na kwa fujo.

"Umerudi mapema," alisema Zulfikar.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Upepo." Ghalia hakuvua helmeti. "Kaka, ulimwambia nini Shangazi Time?"

Zulfikar alichukua rimoti, akaizima televisheni ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama.

"Nilimwambia ukweli. Kwamba hukusema kitu."

"Na ulijua yeye atafahamu vipi."

"Nilijua sheria, Ghalia. Wewe si mwari. Mie nisingeweza kukuoza kwa kimya hata ningetaka. Nikifika mbele ya sheikh akaniuliza kasemaje, nimwambie kaenda kuosha vyombo?"

"Mbona basi hukunifuata jikoni? Mbona hukunambia, Ghalia dada yangu, hebu tamka?"

Zulfikar aliitazama rimoti mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mcheshi mbele za watu, na sasa uso wake wote ulionekana umechoka.

"Kwa sababu niliogopa utatamka," alisema.

Nje, basi la ghorofa lilipita, vioo vikatikisika.

"Unataka nikufiche?" aliendelea. "Sikufichi. Huyo bwana sina ubaya naye. Malindi, vitunguu, Uholanzi, haya, yote sawa, watu wanakaa kila pahala. Lakini ukiondoka wewe, Mama nitamweka wapi? Wanangu wanalala wamebanana. Mke wangu anatoka alfajiri, mie narudi alfajiri. Na hata nikimchukua, Ghalia, mie mwanamume nitamvishaje mama yangu? Nitamwogeshaje? Kuna mambo mtoto wa kiume hayafanyi, na yeye mwenyewe hatokubali. Nilifikiri, nikajisemea labda kanyamaza kwa sababu anajua haya yote. Nikaona nimwache na kimya chake."

Ghalia alimtazama, na ile hasira aliyokuja nayo ikamtoka, akabaki hana pa kushikilia. Ingekuwa rahisi kama Zulfikar angekuwa mtu mbaya. Kumbe walikuwa wawili waliojificha nyuma ya kimya kimoja.

Akamgeukia mama yake.

Bi Zuwena alikuwa anatazama nje. Alikuwa mwanamke mrembo zamani, na bado anajipaka wanja siku za sikukuu, Ghalia ndiye anayempaka. Hakusaidia. Hakusema "nenda," hakusema "usiende." Kama angesema lolote kati ya hayo mawili, Ghalia angeshika hilo na kupumzika.

Ghalia alivua helmeti, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Alifikiria jioni ya leo, Shangazi Time kwenye foleni ya uwanjani na mabegi yake, na baada ya hapo Jumamosi zote.

"Namtaka," alisema.

"Sauti," alisema Bi Zuwena, bado anatazama nje.

"Mama?"

"Sikusikia. Sema tena."

Masikio ya Bi Zuwena yalikuwa mazima kuliko ya mtu yeyote katika jengo lile, na wote watatu walilijua hilo.

"Namtaka Msabaha," alisema Ghalia, na sasa sauti ilitoka nzito, ikajaa chumba. "Nimeridhia anioe. Nataka niolewe naye, Mama. Nataka nikae naye kule kule kwenye vitunguu. Nampenda."

Bi Zuwena akageuka. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kuanzia viatu vyenye tope mpaka mtandio uliokwenda upande.

"Zulfi," alisema.

"Labeka, Mama."

"Mpigie huyo mwanamke kabla hajenda uwanjani. Mwambie katamka. Mwambie mimi nilikuwapo."

Zulfikar alisimama. Alipompita dada yake aliweka kiganja juu ya kichwa chake, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo, halafu akatoka kwenda ukumbini na simu yake.

Ghalia alipiga magoti mbele ya kiti. "Utakuja na mie, Mama. Kule nyumba kubwa. Msabaha hatokataa, yeye mwenyewe..."

"Wapi?"

"Uholanzi."

"Mie nshahama mara moja," alisema Bi Zuwena. "Na mpaka leo yapo masiku naamka nikawa sijui mlango uko upande gani. Sihami tena."

"Nani atakuvisha?"

"Watakuja hao wanaovisha."

"Mama, hao ni wageni! Leo anakuja huyu, kesho yule, hawajui hata jina lako..."

"Na wewe unawavisha nani kila siku?" Bi Zuwena hakukasirika. Alisema kama anayemweleza mtoto jambo la kawaida. "Si mama za watu? Wenyewe wana mabinti zao, wameolewa, wako mbali huko. Wewe unawavisha, ukirudi unanambia, Bi fulani leo kacheka, Bi fulani leo kakataa soksi. Miaka yote hii unavisha mama za wenzio. Basi na mie watanivisha watoto wa wenzangu. Nitakataa soksi, nao watakwenda kuhadithia kwao."

Ghalia aliweka uso wake juu ya magoti ya mama yake. Bi Zuwena akatoa ule mkono uliokaliwa, akauweka mgongoni kwa binti yake, nao ukatetemeka pale mgongoni, haukuacha.

"Nilikuwa nakusikia kila Jumamosi," alisema. "Ukirudi, unafungua mlango huku bado unacheka na mtu. Halafu unaniona mie, unaacha. Nani anapenda kuwa hivo kwa mwanawe?"

Kutoka ukumbini walimsikia Zulfikar akisalimia, akiuliza hali, akiomba radhi, akianza kueleza na kurudia. Kisha kikatoka kigelegele katika simu ile, kikali, kirefu, cha mwanamke aliyekuwa anafunga mizigo ameudhika na sasa ameacha mizigo. Zulfikar aliisogeza simu mbali na sikio, akaanza kucheka bila kutaka.

Hata dakika chache hazikupita. Simu ya Ghalia, aliyoitupa mezani kando ya sahani, ikaanza kutikisika na kuita. Jina la Msabaha likawaka.

Ghalia aliinua kichwa. Aliitazama simu, kisha akamtazama mama yake, ambaye wakati huo huo alikuwa amenyoosha mkono kulishika birika la chai. Zulfikar alikuwa amelijaza mpaka juu. Miaka mingi Bi Zuwena hakuwa ameligusa birika. Mfuniko ulianza kugonga, chai ikamwagika kwenye sahani, ikamwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Mama, acha. Nakumiminia mie."

"Pokea simu."

"Itakuunguza!"

"Itaniunguza mie, si wewe," alisema Bi Zuwena. "Pokea."

Ghalia akapokea. Alisema, "Msabaha, nipo," na macho yake hayakubanduka kwenye ule mkono.